Uzi na Kigingi

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo, lakini naona litabeba na maneno. Nyumbani naishi peke yangu, na kazini yule ambaye ningemwambia hatusemezani.

Mazoezi yameanza. Mchezo unatokana na kile kitabu ambacho kila mtoto amewahi kusomewa, cha msichana aliyeazima mabawa ya bundi akaenda kumtafuta ndugu yake aliyechukuliwa na upepo. Safari hii umetiwa nyimbo, na mwongozaji anataka msichana aruke mara tatu. Mara ya tatu anashuka kwa kasi kutoka mwezini na kutua juu ya paa la kwao, huku anaimba. Kurusha watu ndiyo kazi yangu. Ilikuwa ya Baba, akatuachia mimi na mdogo wangu, ambaye tangu utotoni tunamwita Mashoto kwa sababu hata mswaki anaushika kwa mkono wa kushoto.

Nikiandika vipimo lazima niandike na mtambo. Anayeruka ananing'inia kwenye waya mwembamba ambao watazamaji hawauoni. Waya unapanda hadi kwenye gurudumu la kapi darini, na huko unaungana na kamba nene ya katani inayoshuka pembeni mwa jukwaa hadi mikononi mwangu. Nikivuta, anapanda. Nikiachia, anashuka. Mashoto yuko upande wa pili na kamba yake ya kumpeleka kushoto na kulia. Kwenye kamba yangu pamefungwa uzi mwekundu, na ubavuni mwangu kuna ubao wenye matundu, na kigingi kimechomekwa tundu la nne. Ninapoachia, uzi unapanda. Ukifika kwenye kigingi, miguu ya anayeruka imegusa paa.

Anayeruka mwaka huu ni Unyoya, binti pekee wa Mashoto. Ana miaka ishirini na sauti ya kumi na miwili. Jina hilo alipewa na Baba, kwa jinsi alivyozaliwa mwepesi.

Jumatano, 6 Machi

Mazungumzo ya leo yalikuwa hivi.

Mimi: "Unyoya, mwambie baba yako kapi lake linalia, alitie grisi."

Mashoto, hatua tatu kutoka niliposimama: "Mwambie shangazi yako nimelisikia."

Unyoya, katikati yetu, mkanda wa kurukia kiunoni: "Shangazi, Baba amelisikia. Baba, Shangazi anasema asante."

Sikusema asante. Mtoto huyu ana adabu ya akiba, anatugawia.

Mshonaji wa mavazi, ambaye mdomo wake hauna pazia, aliniuliza mbele za watu tutanuniana mpaka lini. Nikamjibu, mpaka sindano yako iote kutu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nilipofika nyumbani moyo ulikuwa mzito. Mwaka jana katika mchezo mwingine mwigizaji mmoja alitua vibaya akavunjika jino. Meneja wa ukumbi akatuita, akauliza imekuwaje. Mashoto, damu yangu, akasema mbele ya kila mtu, "Muulizeni Dada. Kamba ilikuwa mikononi mwake." Tangu siku hiyo sijamtamkia neno. Kama alisema kweli au la, leo sitaandika.

Jumatatu, 11 Machi

Joto. Kamba kavu. Uzi na kigingi palepale. Unyoya aliruka mara tisa.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua imeanza, na sasa kazi ndiyo imeanza.

Katani ikinyonya unyevu hujikaza, na kamba nzima hufupika. Uzi unafika kwenye kigingi kabla ya wakati, na mtu anabaki akielea juu ya paa miguu ikipapasa hewa. Akikata tamaa akajitupa mbele, anaweza kwenda na uso. Kwa hiyo Baba alikuwa na sheria moja, na aliisema mpaka tukaichoka: anayevuta ndiye anayepima. Siyo jirani yake, siyo mkubwa wake. Kila siku saa sita mchana unaning'iniza mfuko wa mchanga wenye uzito wa anayeruka, unaushusha, unaona unatua wapi, unarekebisha.

Baba alirekebisha kwa kuufungua uzi na kuufunga chini zaidi kwenye kamba. Mimi tangu mwaka jana nimeacha. Uzi ukifungwa na kufunguliwa kila siku unachubua kamba, na vidole hukosea. Siku hizi uzi siugusi. Napandisha kigingi, tundu kwa tundu, maana tundu halina ubishi. Sijamwambia mtu. Ningemwambia nani?

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Tundu moja juu.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Mwongozaji ana mafua na hasira.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua, kisha jua, kisha mvua. Kigingi nimekipandisha, nikakishusha, nikakipandisha. Mashoto alimtuma Unyoya na ujumbe: "Baba anasema kamba ya nailoni haifupiki." Nikamtuma arudi: "Mwambie baba yako nailoni inavutika kama ndala, na anayening'inia ni binti yake." Unyoya alimfikishia nusu tu, niliona kwa uso wa baba yake.

Ijumaa, 29 Machi

Tumefungua. Maonyesho yetu ni ya saa kumi na moja jioni kwa sababu ya watoto, na leo walijaa hadi kwenye ngazi. Mwezi ulipotokea wakanyamaza wote. Wimbo wa kushukia nimeusikia mara mia sasa, naupumua: "Kaka, nifungulie, nimerudi, nifungulie mlango." Kwenye "nimerudi" naanza kubana kamba, kwenye "mlango" miguu inagusa. Leo aligusa kwenye "mlango" bila sauti, kama jina lake. Nilifuta macho kwa kiwiko, mikono ina kazi.

Jumapili, 31 Machi

Unyoya kanijia baada ya onyesho akisugua goti. "Shangazi, leo ulinikalisha kidogo."

"Nilikukalisha vipi?"

"Paa lilinijia mapema. Kama vidole viwili hivi. Si neno."

Ni neno. Vidole viwili ndivyo mwanzo wa kila kitu.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimepima mara tatu. Mfuko ulitua chini kuliko inavyotakiwa, kana kwamba kamba imelegea yenyewe, na nje mvua haijakata tangu jana. Katani haiwezi kurefuka mvuani. Hata hivyo nimeshusha kigingi tundu moja, ikakaa sawa.

Alhamisi, 4 Aprili

Imerudia. Saa sita nilipima, mfuko ukatua kama yai. Saa kumi na moja Unyoya akatua magoti yamekunjwa. Niliona uzi wazi, nikasimamisha kwenye kigingi kabisa. Au niliona vibaya?

Leo asubuhi niliweka kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, nikarudi nyuma hadi mlangoni na kujaribu kusoma maandishi. Herufi kubwa nilizisoma. Ndogo nilizisoma kwa sababu nazijua. Mwanamke wa miaka hamsini na nne anajidanganya na kopo, peke yake, kabla ya chai.

Jumamosi, 6 Aprili

Vidole vitatu.

Mashoto ananitazama. Kila nikigeuka namkuta, macho kwenye mikono yangu, jinsi mtu anavyomtazama mpishi baada ya kuumwa tumbo. Anasubiri nikosee. Anasubiri aseme tena yale maneno yake.

Jumanne, 9 Aprili

Sijalala vizuri siku nne. Naota uzi unapanda na haufiki.

Unyoya alipokuwa na miaka mitano nilimrusha kwa mara ya kwanza, akiwa amefungwa taulo kiunoni, mita moja tu juu ya godoro, na Baba akisimamia. Alicheka mpaka akakojoa. Leo wakati namfunga mkanda alinishika mkono akasema, "Shangazi, unatetemeka." Nikamwambia ni baridi ya mvua. Akavua skafu yake akanizungushia shingoni. Niliona aibu kiasi cha kutamani nimvue mkanda nimrudishe kwao.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeamua. Jumatatu nakwenda kwa meneja, nimwambie atafute mtu mwingine wa kamba. Sitasubiri kuambiwa mbele za watu. Yamebaki maonyesho mawili kabla ya Jumatatu. Mungu anivushe.

Jumapili, 14 Aprili

Naandika kwa ncha za vidole, viganja vimefungwa bandeji. Mwandiko huu ni wa kuku, lakini lazima niandike.

Jana mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Paa la ukumbi linavuja juu ya dari, na kamba ilikuwa imelowa hadi inang'aa. Saa sita nikaning'iniza mfuko. Ulibaki ukielea shibiri nzima juu ya paa. Nilipandisha kigingi matundu matatu, nikapima tena, ukatua sawasawa. Nikapima mara ya tatu kwa sababu sijiamini. Sawasawa. Nikaenda kula.

Saa kumi na moja watoto wakajaa. Kuruka kwa kwanza, salama. Kwa pili, salama, maana huko hatui, anapita tu. Kisha mwezi.

Nikaanza kuachia. Unyoya akashuka na sauti yake, "Kaka, nifungulie." Kamba ilipita mikononi mwangu baridi na nzito. Ikafika "nimerudi." Hapo mikono yangu ilitaka kubana. Miaka thelathini ilikuwa inasema bana. Lakini nilitazama uzi, na uzi ulikuwa bado uko chini, mbali na kigingi. Jicho likasema bado. Mkono ukasema sasa. Na mimi wiki mbili zote nilikuwa nimejifundisha kwamba mikono yangu imezeeka. Nikaamini uzi. Nikaachia.

Ilikuwa pigo moja tu la wimbo. Ndipo nikamwona Mashoto upande wa pili, mdomo wazi, na nikabana kwa nguvu zangu zote. Kamba ikakimbia ndani ya viganja ikachukua ngozi. Nikasikia miguu ya Unyoya ikipiga mbao.

Hakulia. Alikaa palepale juu ya paa, mguu mmoja chini yake, akamalizia "nifungulie mlango" akiwa ameketi, sauti haikutikisika. Watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo ilivyoandikwa. Pazia liliposhuka ndipo akaniita: "Shangazi, mguu." Nilifika kabla ya baba yake, mikono inavuja damu, nikashindwa hata kumshika.

Daktari amesema kifundo kimeteguka, hakikuvunjika. Shibiri nyingine, alisema, na angeongea mengine.

Leo asubuhi nimekwenda ukumbini peke yangu. Nilitaka kuiona kamba. Kigingi kilikuwa pale nilipokiweka. Nikasogeza uso kwenye uzi, nikaona fundo. Mimi nikifunga, mkia wa fundo unaangalia kulia. Huu uliangalia kushoto. Na juu ya uzi, kwenye uchafu wa kamba, kulikuwa na pete nyeupe nne, mahali uzi ulipokaa kabla ya kusogezwa: vidole viwili, viwili, vitatu, kisha shibiri nzima.

Niliukata uzi kwa meno nikautia mfukoni. Sijawahi kumchukia mtu jinsi nilivyomchukia ndugu yangu njia nzima hadi kwake. Nilijiambia anataka nailoni yake, anataka nifukuzwe, na amefika mahali pa kumtumia mwanawe mwenyewe.

Alifungua mlango kabla sijagonga. Nikamwonyesha uzi. Sikuwa na wa kumtuma, nikasema mwenyewe, neno la kwanza mwaka mzima:

"Huu ni wako?"

Akautazama. "Ni wangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hukuwa unausogeza!" Sauti ilimpasuka. "Mvua ilinyesha wiki mbili nzima, Dada, kila siku saa kumi napita naukuta uzi palepale. Nikasema ameacha kupima. Kama mwaka jana. Na aliye juu ni mwanangu."

"Nilikuwa napandisha kigingi."

Akashika fremu ya mlango.

"Kigingi," akasema. "Tangu enzi za Baba kigingi kinakaa tundu la nne. Mimi hata sikitazami. Nani hukitazama kigingi?"

"Ukaona anatua chini, na bado ukaendelea kuusogeza?"

"Nilidhani ni mikono yako, inachelewa kubana. Na jana kwa mvua ile nikaona uzi haujaguswa, nikasema leo ataelea, atajitupa." Aliketi kizingitini, mtu mzima na mvi zake. "Basi tulimrekebishia mara mbili. Wewe shibiri na mimi shibiri."

"Ungeniuliza, Mashoto."

"Ningekuuliza kwa mdomo gani?"

Kutoka chumba cha ndani Unyoya akaita, "Mnataka nije niwafikishie ujumbe, au mguu huu unanipa ruhusa ya ugonjwa?" Mashoto akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na mimi nikaketi kando yake, mikono ya bandeji magotini, kwa sababu sikuweza kumshika.

Jumatatu, 15 Aprili

Ofisi ileile ya mwaka jana, viti vilevile. Mwongozaji ukutani, mikono kifuani. Meneja aliuliza swali lilelile: "Kamba ilikuwa mikononi mwa nani?"

Uzi ulikuwa mfukoni mwangu. Ningeuweka mezani ukajisemea. Niliona Mashoto anavuta pumzi, nikamtangulia.

"Mikononi mwangu. Na mwaka jana pia ilikuwa mikononi mwangu, na siku ile sikupima. Nilichelewa, nikasema jana ilikuwa sawa na leo itakuwa sawa. Mdogo wangu alisema kweli na mimi nikamnunia mwaka mzima kwa ukweli huo."

Haya, nimeyaandika na hapa.

Mashoto akasema, "Na juzi uzi niliusogeza mimi, bila kumwambia. Sheria ya kwetu inakataza, na nilijua."

Meneja alitutazama kama mtu aliyefungua kabati akakuta vitu ambavyo hakuviuliza. Alisema hakuna kuruka hadi mguu upone. Baada ya hapo onyesho moja tu la kuruka, la mwisho, na kukitokea kosa lolote mtambo wa Baba unashushwa, na sisi tunaondoka nao. Basi si kazi yangu tu iliyobaki kwenye kamba.

Alhamisi, 18 Aprili

Anayeandika ni Unyoya, Shangazi anasema na mimi naandika, maana viganja vyake vimeanza kutoa ngozi mpya na vinawasha. Shangazi anasema leo hakuna jipya. Anasema msichana wa kwenye mchezo sasa anakwenda mwezini kwa ngazi na mtoto mmoja ameuliza kwa sauti kama bundi amegoma. Anasema niache kuongeza yangu. Mimi naongeza: amekuja kwetu siku nne mfululizo na anamwita Baba kwa jina.

Jumatatu, 22 Aprili

Viganja havitaweza kamba yangu kabla ya Jumamosi, siku ya onyesho la mwisho. Tumebadilishana: Mashoto avute ya juu, mimi nishike yake ya pembeni, ambayo ni nyepesi. Aliniuliza, "Dada, wewe hupima vipi?" Nikamweleza kigingi, tundu kwa tundu. Alinisikiliza kama mwanafunzi, tena mwanafunzi mbishi. Anayevuta ndiye anayepima.

Ijumaa, 26 Aprili

Mguu wa Unyoya umeruhusiwa. Aliruka mara nne mazoezini, kavu, salama.

Jumamosi, 27 Aprili

Onyesho la mwisho.

Saa sita Mashoto alipima, nilikuwapo, mfuko ukatua sawa. Saa tisa na nusu mbingu zikafunguka. Mvua kama iliyoanguka sijaiona msimu huu, na dari likaanza kudondosha tena juu ya kamba. Nilifika jukwaani saa kumi kamili. Mashoto hakuwepo. Kamba ilikuwa imelowa. Uzi ulikuwa palepale, na jicho langu likaishia hapo; kigingi sikukitazama, kama yeye siku zile.

Nilisimama mbele ya kamba. Sikujua kama amepima tena baada ya mvua hii au amepima ile ya saa sita tu, na aliye juu ni Unyoya. Kwa mara ya kwanza nilijua mdogo wangu alikuwa anasimama wapi kila siku saa kumi. Mkono uliniwasha. Vidole viwili tu, nilijiambia, hata hatajua. Nilijikuta nimeushika uzi.

Nikauachia. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaita kwa sauti iliyojaza ukumbi mtupu:

"Mashoto! Umepima baada ya mvua hii?"

Sauti yake ilitoka darini, alikokuwa anatandaza turubai juu ya kapi. "Nimepima, Dada! Sasa hivi! Kigingi tundu la saba! Njoo utazame!"

Unyoya alikuwa ameketi ukingoni mwa jukwaa anajifunga mkanda. "Kumbe mnajua kuongea," akasema. "Basi kazi yangu imekwisha."

Kigingi kilikuwa hatua mbili tu kutoka nilipokuwa. Sikwenda kutazama. Nilivuka jukwaa hadi upande wa pili, nikashika kamba ya pembeni, na ilipofika zamu ya mwezi Unyoya alitua kwenye neno lake.